Baba Alivyonifundisha Kuelea

Samaki wa kwanza wa bahari niliyemwona hakuwa na kichwa. Alikuwa amelazwa juu ya gunia sokoni Kasongo, mkavu kama ubao, mweupe kwa chumvi, na mama muuzaji alikuwa anamkata vipande kwa panga. Kwetu tunamwita makayabu. Nilikuwa nimeanza sekondari kwa masista, nimetoka nyumbani Lusangi miezi michache tu, na samaki niliowajua walikuwa wale wa vijito vyetu, wembamba kama kidole, na wale wa moshi wanaoletwa kutoka mto Lualaba.

Nikamuuliza yule mama kichwa kiko wapi.

"Kilibakia kwa bahari, mama."

"Na bahari iko wapi?"

Akaangalia upande wa misikiti, akaangalia upande wa pili, akanyoosha panga hewani. "Mbali. Kule yote."

Sisemi kwamba siku ile niliamua kusoma mambo ya bahari. Lakini niliporudi shuleni nilimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, naye, badala ya kunijibu kwa neno moja, aliniazima kitabu chenye picha. Nilikaa nacho muhula mzima. Nilipomaliza sekondari, mwalimu huyohuyo aliniambia kuna nafasi za masomo kwa vijana wa Kongo katika chuo kimoja cha pwani ya Tanzania. Tuliandika barua pamoja, jibu likachelewa hata nikaacha kulingoja, halafu likaja. Kwenye karatasi ya kuchagua masomo kulikuwa na orodha ndefu. Sayansi ya bahari ilikuwa karibu na mwisho. Niliweka alama hapo kabla sijaanza kufikiri sana.

Baba yangu ni mkulima. Analima mpunga, karanga na muhogo, na mikono yake ni mikubwa kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Ni mtu wa maneno machache. Tulipokuwa wadogo hakutukataza mambo mengi, ila moja: tusiingie majini. Tuliruhusiwa kuteka maji kwenye kijito na kurudi. Kuoga, tuoge nyumbani kwa ndoo. Mtoto akichelewa kijitoni, baba aliacha jembe palepale shambani akaja mwenyewe, na alikuwa anakuja haraka. Watoto wa jirani walicheza majini mchana kutwa, sisi tuliwaangalia tumesimama na mabidoni yetu, madumu ya maji. Tulidhani ni ukali tu, kama baba wengine wanavyokuwa wakali juu ya mambo mengine.

Nilipomwambia ninachokwenda kusoma, aliuliza mara mbili, "Bahari?" Halafu akauliza, "Ni masomo ya ndani ya vitabu?"

Nikamwambia ndiyo. Sikumdanganya. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa kweli wa vitabu. Nilikuwa na kazi mbili: kujifunza sayansi, na kujifunza lugha zake. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa. Kiswahili chenyewe, ambacho nilidhani ninakijua, kilinitoa jasho. Nikisema "maji iko baridi," wenzangu wa pwani walikuwa wanacheka, si kwa ubaya, halafu wanarudia siku nzima: maji iko baridi, chai iko moto, mwalimu iko wapi. Nilikuwa nacheka nao. Baada ya muda nilizoea kusema kama wao darasani na kusema kama sisi nikipiga simu nyumbani. Nilijifunza maneno ambayo sikuwa na pa kuyaweka: jongoo bahari, kiti cha pweza, maji kujaa, maji kupwa. Niliyapenda sana. Nilikuwa nayaandika kwenye daftari na kuyasoma kwa sauti.

Shida ilikuja mwisho wa mwaka. Mwaka wa pili masomo yanatoka darasani. Wanafunzi wanapanda boti, wanavaa miwani ya kuzamia, wanashuka kuhesabu nyasi za bahari na wanyama wanaoishi humo. Kabla ya hapo kila mtu lazima aonyeshe kwamba anajua kuogelea: kuvuka bwawa la kuogelea kwenda na kurudi, kisha kuelea dakika kumi bila kushika kitu.

Niliingia bwawani nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili. Maji yalinifika kifuani. Mwalimu wa kuogelea, mama mmoja mpole mwenye mvi, aliniambia niachie mkono mmoja. Niliachia. Akaniambia niachie wa pili. Sikuweza. Alinishika begani akaniomba nijaribu kulala juu ya maji, na mara masikio yalipoingia maji, mwili wangu wote ulijikunja kama karatasi inayoungua, nikazama, nikameza maji, nikamshika shingoni kwa nguvu hata nikamkwaruza. Wenzangu walikuwa wamekaa kando wakisubiri zamu. Mmoja alisema, kwa mshangao wa kweli, "Si unatoka kwenye ule mto mkubwa wa Kongo? Hujui kuogelea?"

Nilijaribu mara nne kabla ya likizo. Mara ya nne mwalimu alinifunika taulo akakaa nami.

"Masomo yakianza tena nitakupima mara moja ya mwisho," alisema. "Ikishindikana, si aibu. Kuna tawi la kuhifadhi samaki, kuna maabara. Utafanya vizuri huko."

Alisema kwa wema, na wema wake ndio ulioniliza.

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ya siku nyingi: treni hadi Kigoma, meli ya kuvuka ziwa, halafu pikipiki moja baada ya nyingine kupitia Kabambare. Nilivuka ziwa Tanganyika nikiwa nimekaa katikati ya meli, mbali na ukingo, mgongo wangu ukiegemea magunia ya unga.

Nilifika Lusangi wakati wa kubangua karanga. Siku ya pili, tukiwa uani na sinia kubwa katikati yetu, baba, mama na mimi, niliwaeleza. Nilieleza upesi, nikiangalia karanga. Nikasema nitatafuta mtu wa kunifundisha wakati huu wa likizo, pengine Nyangwe kwa shangazi, maana kule watu wanaishi na mto.

Baba alimaliza karanga zilizokuwa mkononi, akafuta mikono kwenye suruali, akachukua jembe akaenda shambani, na haikuwa saa ya kwenda shambani.

Mama alimfuata kwa macho. Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti, "Baba yako anajua maji."

"Papa?"

"Wakati alinioa, tulipeleka bibi yako, mama yangu, mgonjwa Nyangwe. Bwato ya kuvuka mto ilipinduka karibu na ng'ambo. Aliingia akanitoa, akarudi akamutoa bibi, akarudi tena akatoa hata kikapo. Sikuwahi kuona mutu anaogelea vile. Kufika kwa mchanga alikaa chini akaanza kutetemeka. Nilimuuliza, akaniambia nisimuulize. Basi sikumuuliza."

Miaka ishirini na zaidi mama alikaa bila kumuuliza. Mimi nilikuwa nimeishi nyumba moja na mwogeleaji na sikujua.

Baada ya siku tatu niliondoka kwenda Nyangwe. Baba alinifungia mzigo kwenye piki mwenyewe, akavuta kamba mara mbili kuhakikisha. "Salimia dada yangu," alisema. Basi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Amezaliwa Nyangwe na hajawahi kuhama. Anakausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba yake, juu ya uchanja mrefu wa miti, na nguo zake zote zinanukia moshi huo. Tangu utoto nikinusa samaki wa moshi popote ninamkumbuka yeye. Nilimweleza shida yangu siku hiyohiyo. Alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja kwa vidole bila kuungua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na baba yako alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hm." Aligeuza samaki wengine wawili. "Alikuambia juu ya baba yako mudogo?"

Nilijua baba alikuwa na mdogo wake aliyekufa. Nilijua hivyo tu, kama mtu anavyojua kwamba zamani kulikuwa na nyumba mahali fulani. Jina lake halikutajwa kwetu.

Shangazi alinikalisha kwenye kigoda akanieleza. Alisema baba alipokuwa kijana ndiye aliyekuwa mwogeleaji wa kijiji, na mdogo wake alimfuata kila mahali akimwomba amfundishe. Mama yao hakutaka. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo, alikuwa anaogopa. Baba akamfundisha kwa siri. Alimlaza juu ya maji akamwambia, nimekushika, nimekushika, na wakati huo alikuwa ameshamwachia. Ndivyo mtoto alivyojua. Alifurahi sana, akawa hatoki majini. Mwaka uliofuata, mto ukiwa umejaa, wakati baba yuko shambani na wazazi, mtoto aliona bwato la watu limekatika kamba linachukuliwa na maji. Akaingia kulifuata. Bwato walilipata huko chini mto unakoteremkia. Yeye walimpata siku ya tatu.

"Hakuna mutu alimulaumu baba yako," shangazi alisema. "Hata mama hakumulaumu. Lakini yeye baba yako alikuwa anasema neno moja tu: asingejua kuogelea, asingeingia. Asingejua, asingeingia. Halafu akaenda Kabambare, kwenu Lusangi, kulima, akaoa kule, akakaa kule. Sisi tukamuacha. Tungefanya nini?"

Nilimfikiria baba akija mbio kijitoni, akiwa na udongo kwenye miguu, na sisi tumenuna kwa sababu anatuaibisha mbele ya wenzetu.

Shangazi alikuwa ameanza kuulizia kijana wa kunifundisha miongoni mwa wavuvi. Lakini siku ya nne, mchana, baba alifika. Alikuja na baiskeli yake. Alikuwa ameendesha siku mbili, akalala Kasongo njiani, na alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga kifuko cha karanga za dada yake na bidoni moja ya manjano, tupu.

Shangazi alimpokea, akamletea maji ya kunawa, akamkalisha. Hakuna aliyeuliza kitu. Alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akanywa maji, akakaa kidogo. Halafu akaniangalia.

"Dada yangu alikuambia."

"Aliniambia, Papa."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ukishindwa huu mutihani, utaacha kuingia bahari?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa nilimwona anataka jibu la kweli. "Hapana. Nitatafuta njia ingine. Hata kama ni kukaa kwa boti na kuandika tu. Niliipenda ile kazi, Papa."

"Basi utakuwa juu ya maji na haujuwi maji." Alikaa akiangalia mikono yake. "Njiani nilikuwa nafikiri hivyo. Nilifikiri njia yote. Kesho asubuhi, jua ikipanda, tutaenda."

Ilikuwa kiangazi. Lualaba ulikuwa umeshuka, na mafungu ya mchanga yametokeza katikati yake. Chini kidogo ya mahali wanawake wanapolowekea muhogo, mto umeingia ndani ya nchi kavu na fungu refu la mchanga limeuziba kwa mbele, kwa hiyo maji ya pale yametulia kama ya kwenye beseni. Baba aliwauliza wavuvi wawili kuhusu mamba, akawauliza tena kwa namna nyingine, halafu akaingia mwenyewe na mti mrefu akapapasa chini kote, hatua kwa hatua, kutoka mwisho mpaka mwisho. Ilimchukua muda mrefu. Mimi nilikaa ukingoni nimevaa suruali ya zamani na triko, fulana ya kaka yangu.

Siku ya kwanza tulikaa tu. Tulikaa ndani ya maji yaliyotufika kiunoni, baba na binti, kama watu wanaosubiri gari. Wanawake wa muhogo walikuwa wanatuangalia. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mutu mukubwa anafundishwa kuoga?" na wengine wakacheka. Shangazi, ambaye alikuja na samaki wake wa kuosha ili asikose kitu, aliwajibu kwa Kizimba, lugha ya kule, neno ambalo sikulielewa, nao wakainama kwenye kazi yao. Lakini walikuwa wanaendelea kututazama kwa chini, na kila siku walikuwa wengi zaidi.

Siku ya pili alinifundisha kupuliza hewa ndani ya maji. Siku ya tatu alinipa ile bidoni nikumbatie kifuani nipige miguu. Hakuwa na haraka. Nikitetemeka, tulitoka, tukakaa juani tukala karanga, tukarudi. Sikuwahi kukaa na baba yangu muda mrefu namna ile bila kazi ya shamba kati yetu. Alikuwa ananiuliza mambo ya chuo. Alitaka kujua kama ni kweli bahari inaondoka na kurudi. Nilimweleza juu ya maji kujaa na kupwa, nikichora mwezi na dunia kwenye mchanga kwa kidole. Alisikiliza, akauliza, "Mara mbili kila siku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Watu wa kule wanazoea?" Nikasema wanazoea.

Siku ya tano alisema, "Leo utalala."

Nikaanza kuogopa kabla hata ya kuingia. Alisimama upande wangu, akaweka mkono mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya kichwa.

"Sikia," alisema. "Mukono yangu iko hapa. Siku nitauondoa, nitakuambia kwanza. Nitasema: sasa naondoa. Kama sijasema, ujue iko. Mimi sitakudanganya."

Nililala. Masikio yalijaa maji na dunia ikanyamaza. Nilikuwa namwona uso wake tu, umeniinamia, na nyuma yake anga jeupe. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, sikusikia. Mwili wangu ulitaka kujikunja. Lakini mkono ulikuwepo, mkubwa, mgumu, ukinisukuma juu kidogo kila nilipovuta pumzi. Nilipumua. Nikapumua tena. Nilikaa hivyo mpaka mkono wake ukachoka, naye hakusema umechoka. Niliuhisi unashuka kidogo kidogo, nikasimama mwenyewe.

Tulifanya hivyo siku mbili nzima, mkono haukutoka. Siku iliyofuata aliinama karibu na sikio langu, akalitoa nje ya maji kidogo ili nisikie.

"Sasa naondoa wa kichwa."

Akaondoa. Nikabaki.

"Sasa naondoa wa mugongo."

Nilihisi vidole vyake vinaondoka kimoja kimoja. Nikashuka kidogo, maji yakanifika kwenye kona za macho, nikajaza kifua, nikapanda. Hakuna kitu kilichokuwa kimenishika. Nilimwona amenyanyua mikono yote miwili juu, nje ya maji, mbele ya uso wangu, ili nione kwamba ni kweli. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu angelazimika kushusha mikono.

Ukingoni wanawake walikuwa wameacha muhogo wao. Halafu yule aliyeuliza siku ya kwanza alianza kupiga vigelegele, na shangazi akampokea.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nilikuwa nimeogopa kuzama, na sasa nilijua kwamba nikichoka ninaweza kugeuka chali nikapumzika. Kuogelea kwangu hakukuwa kuzuri. Mpaka leo si kuzuri; napiga maji kama kuku. Lakini mwisho wa wiki ya tatu nilivuka kutoka ukingoni mpaka kwenye fungu la mchanga, baba akiogelea ubavuni mwangu bila kutoa sauti hata kidogo. Katikati nilimeza maji nikachanganyikiwa. Hakunishika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Geuka, pumzika, halafu tutaendelea." Nikageuka. Nikapumzika. Tukaendelea.

Tukiwa tumekaa kwenye ule mchanga, tukiangalia upande wa pili ambako mto wenyewe unapita, mpana na wenye nguvu, baba alinionyesha kwa kidevu mahali fulani mto unakoteremkia, penye miti iliyoinama.

"Ni kule walimupata."

Nikasema, "Pole, Papa."

"Alikuwa anaogelea muzuri," alisema. "Muzuri kunipita. Kila mutu alikuwa anasema vile. Nilikuwa nimesahau hiyo." Akalitaja jina lake. Alilitaja mara moja, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kabla ya kuweka chumvi, halafu akanieleza mambo mengine: kwamba alikuwa anapenda kuiga sauti ya padri, kwamba alikuwa anachukia kula mihogo iliyochemshwa na kuificha chini ya kitanda. Tulicheka juu ya hiyo mihogo. Shangazi alituita kutoka ng'ambo kuuliza tunacheka nini, na baba akamjibu kwa sauti ya juu, akitaja jina lile tena, na hata kwa umbali ule niliona shangazi ameweka mkono mdomoni.

Nilirudi chuoni. Siku ya mtihani nilivuka bwawa kwenda na kurudi, nikawa wa mwisho kumaliza, wenzangu wakiwa wameshajifuta na kuvaa. Kisha nikalala juu ya maji dakika kumi. Mwalimu mwenye mvi alikuwa anatembea ukingoni na saa yake. Dakika zilipoisha aliniambia nitoke, nami nikamwambia naomba kidogo tena.

Wiki iliyofuata tulipanda boti. Nilishuka majini na miwani usoni, na chini yangu kulikuwa na shamba. Sina neno lingine. Nyasi ndefu za kijani zimelala zote upande mmoja, kama mpunga wetu unavyolala upepo ukipita, na ndani yake jongoo bahari mweusi anatembea polepole kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikitembea. Nilisahau kuhesabu. Mwalimu alinipigia honi ya boti kunikumbusha.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Lusangi mtandao unapatikana juu ya kilima tu, kwa hiyo tunapanga saa, na baba anapanda na simu ya mama. Nilimweleza yote. Alitaka kujua kama maji ya chumvi yanauma macho.

"Kidogo. Lakini, Papa, yanabeba mtu kupita ya mto. Ni rahisi kuelea."

Nilisikia upepo wa kilimani.

"Basi nilikufundisha kwa maji magumu," alisema. "Ni muzuri."

Sasa niko mwaka wa mwisho. Likizo iliyopita nilikuta nyumbani mabwawa mawili ya samaki, aliyoyachimba baba bondeni karibu na kijito, kwa jembe, akiwa amemwambia mama kwamba anachimba mfereji. Alikuwa ameweka tilapia. Asubuhi ya kwanza alinipeleka kuniuliza swali: kwa nini samaki wake, jua likianza kutoka, wanapanda juu wote na kufungua midomo kama wanaomba. Nilikaa naye ukingoni nikamweleza juu ya oksijeni, jinsi inavyopungua majini usiku na mimea inavyoitengeneza mchana. Nikamwambia apunguze majani anayotupa humo, yanaoza na kuwaibia hewa, na afungue maji ya kijito yaanguke kutoka juu kidogo ili yachanganyike na upepo. Alinifanya nirudie. Halafu akakata mwanzi, akauweka kwenye mdomo wa mfereji, tukasimama tukiangalia maji yanaanguka.

Watoto wa ndugu zangu walikuwa wamesimama nyuma yetu, wamevua mashati, wanangoja ruhusa. Baba aliwatazama. Akaanza kukunja suruali.

"Mumoja mumoja," alisema. "Na mutu asiingie kama mimi siko."

Nilikunja na yangu, nikaingia upande wa pili wa bwawa, maji ya matope yakiwa vuguvugu, nikanyoosha mikono kumpokea wa kwanza.